Bakteria Adimu Katika Damu na Uvimbe Uliojificha Tumboni

Damu inayozunguka mwilini haina bakteria wake wa kudumu. Ngozi, kinywa na utumbo hujaa vijidudu tangu siku za kwanza za uhai, lakini mishipa ya damu si makazi yao. Wachache huingia humo mara kwa mara bila mtu kujua, kwa mfano anapopiga mswaki hadi fizi zikatoa damu au anapong'olewa jino, na baada ya muda mfupi huwa wameshanaswa na chembe za kinga zilizo katika ini na wengu. Maambukizi ya damu huanza pale wanapoingia wengi kuliko kinga inavyoweza kuwamudu, wanapopata mahali pa kujishikiza, au pale mlango waliopitia unapobaki wazi ukawa unawaingiza kila siku.

Mlango huo unaobaki wazi wakati mwingine ni saratani.

Katika hospitali nyingi, majina ya bakteria wanaopatikana kwenye damu hayabadiliki sana. Escherichia coli hutoka kwenye njia ya mkojo, Staphylococcus aureus kwenye ngozi, pneumokoka kwenye mapafu. Afrika Mashariki huongeza Salmonella: wale wa homa ya matumbo, na ndugu zao wengine ambao huingia damuni hasa kwa watoto wenye malaria au utapiamlo na kwa watu wazima wenye VVU. Kwa wagonjwa walio wengi, kumkuta mmoja wa hawa hakumwambii daktari lolote kuhusu saratani. Wapo wengine, hata hivyo, ambao maabara huwaona kwa nadra, na jina lao linapoandikwa kwenye majibu humlazimu daktari kutazama mbali na homa aliyokuwa akiitibu. Wanaojulikana zaidi kwa hilo ni wawili: Streptococcus gallolyticus na Clostridium septicum.

Huyo wa kwanza kwa miaka mingi aliitwa Streptococcus bovis, kwa kuwa alifahamika kama mkazi wa matumbo ya ng'ombe na wanyama wengine wanaocheua. Huishi pia katika utumbo wa baadhi ya watu wazima wenye afya, kwa idadi ndogo, bila kuwasumbua. Mwaka 1951 madaktari wawili wa Marekani, McCoy na Mason, waliandika katika jarida la madaktari wa Alabama habari za mgonjwa aliyekuwa na bakteria wa kundi hilo kwenye vali za moyo, na papo hapo akiwa na saratani ya utumbo mpana. Kisa cha mtu mmoja hakithibitishi kitu, na hicho kilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuleta mjadala mkubwa. Miaka ya 1970 visa vya namna hiyo vilianza kurundikana. Ndipo mwaka 1977 Klein na wenzake, katika New England Journal of Medicine, walipochapisha matokeo ya kazi rahisi iliyobadilisha mambo: walipima vinyesi. Kati ya watu 63 wenye saratani ya utumbo mpana, 35 walikuwa na bakteria huyo. Kati ya watu 105 wasio na ugonjwa huo, waliokuwa naye ni 11 tu.

Tangu hapo tafiti zimefuatana. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2011 na Boleij na wenzake, wa Uholanzi, yalikusanya ripoti nyingi na kuona kwamba katika wagonjwa waliopatikana na bakteria huyu kwenye damu kisha wakachunguzwa utumbo mpana wote, kwa wastani 6 kati ya kila 10 walikutwa na uvimbe: ama saratani yenyewe, ama vinyama ambavyo vikiachwa huweza kugeuka saratani. Takwimu hiyo isomwe kwa utulivu. Wanaopelekwa kuchunguzwa mara nyingi ni wale ambao daktari tayari anawashuku, na watu waliopita miaka 50 huwa na vinyama vya utumbo kwa wingi hata kama hawajawahi kuugua homa. Pamoja na hayo, uwiano huo ni mkubwa mno kuitwa sadfa. Jambo la kutia moyo ndani yake ni lile la vinyama. Mgonjwa aliyeingia hospitali kwa homa anaweza kuondolewa kitu ambacho kingemuua miaka 10 baadaye, kabla hakijawa saratani.

Sehemu ya mkanganyiko wa miaka ya nyuma ilitokana na kuwachanganya bakteria mbalimbali chini ya jina moja. Mwaka 2003 kundi la bovis lilipangwa upya kwa kufuata vinasaba. Aliyekuwa akiitwa aina ya kwanza ndiye sasa Streptococcus gallolyticus wa jamii ndogo ya gallolyticus. Aina ya pili iligawanywa, mmoja akawa Streptococcus infantarius na mwingine jamii ndogo ya pasteurianus. Mgawanyo huu una maana kubwa kitandani kwa mgonjwa. Katika mapitio yale ya 2011, wenye aina ya kwanza walikuwa na uwezekano mara 7 hivi wa kukutwa na uvimbe wa utumbo mpana wakilinganishwa na wenye aina ya pili. Infantarius na pasteurianus huelekeza zaidi kwenye ini, njia za nyongo na kongosho, na pasteurianus hujulikana pia kwa kuwashambulia watoto wachanga kwa homa ya uti wa mgongo, ambako suala la saratani halimo kabisa. Maabara inayoandika tu "Streptococcus bovis" imempa daktari nusu ya habari.

Mgonjwa wa gallolyticus kwa kawaida ni mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea. Bakteria huyu ana kipaji cha kujishikiza kwenye vali za moyo, na humo hujenga vichuguu vidogo vya bakteria, damu iliyoganda na protini. Vali huanza kuvuja. Vipande vya vichuguu hivyo hukatika na kusafiri na damu. Kimoja kikifika ubongoni huleta kiharusi, kingine hukaa kwenye uti wa mgongo na kuleta maumivu ya mgongo yasiyoisha. Lakini kabla ya hayo yote kuna wiki, pengine miezi, ya dalili zisizo na sura: homa ya jioni inayopanda na kushuka, jasho la usiku, kukosa hamu ya kula, nguo kupwaya. Hapa ndipo wengi hupotea njia. Kipimo cha malaria kinatoka safi, kipimo cha Widal kinasomwa kuwa na taifodi, mgonjwa anapewa dozi. Homa inashuka kwa sababu dawa hiyo hiyo inamgusa bakteria aliye moyoni bila kummaliza. Baada ya wiki mbili inarudi, na sasa inaitwa "taifodi sugu". Widal hupima kingamwili tu, na mtu aliyekulia mahali penye taifodi anaweza kuwa nazo kwa miaka bila kuumwa. Kipimo kinachoweza kumaliza ubishi ni kingine.

Ni kile cha kuotesha damu. Mkono husafishwa kwa spiriti au dawa nyingine ya kuua vijidudu na kuachwa ukauke, kwa sababu bakteria mmoja wa ngozini akiingia na sindano anatosha kuharibu majibu. Mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Chupa moja ina hewa kwa ajili ya bakteria wanaohitaji oksijeni, nyingine haina, kwa wale wanaouawa nayo, na damu hutolewa zaidi ya mara moja, kutoka sehemu tofauti za mwili. Kisha chupa huwekwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa siku 5 hivi. Mashine husubiri bakteria wapumue: gesi ya kaboni ikiongezeka ndani ya chupa, taa huwaka. Mtaalamu wa maabara huchukua tone, hulipaka rangi na kuliweka chini ya hadubini. Streptokoka huonekana kama vidoto vya zambarau vilivyojipanga kwa minyororo. Kuwajua kwa jina kamili kunahitaji kuwaotesha tena kwenye sahani na kuwafanyia majaribio ya kikemia, au kutumia mashine inayotambua protini zao kwa uzito.

Kipimo hiki huharibiwa kwa urahisi na antibayotiki. Utafiti uliofanywa Amerika Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2019 uliwapima watu wale wale kabla na muda mfupi baada ya dozi ya kwanza: kabla ya dawa, asilimia 31 ya vipimo viliotesha kitu, baada yake, asilimia 19. Mahali ambapo antibayotiki hununuliwa duka la dawa kabla mtu hajafika hospitali, hasara hiyo huanza mapema zaidi, na hakuna anayejua ni bakteria wangapi adimu wamepita bila kuandikwa. Si kwamba kazi yenyewe haiwezekani nje ya miji mikubwa. Hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, kwa ushirikiano na watafiti wa KEMRI na Wellcome, ilianza mwaka 1998 kuotesha damu za watoto wanaolazwa, na ripoti ya 2005 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini hapo walikuwa na bakteria kwenye damu. Hao walikuwa watoto na bakteria wao ni wa kawaida, hawahusiani na saratani. Lakini hiyo ilikuwa hospitali ya wilaya.

Swali ambalo limewagawa wanasayansi ni nani alitangulia, bakteria au uvimbe. Ushahidi upo wa pande zote mbili. Gallolyticus ana vinyweleo vidogo vinavyokamata kolajeni, protini inayojitokeza pale ngozi ya ndani ya utumbo inapokatika, na hiyo hiyo ndiyo inayopatikana kwenye vali za moyo zilizochubuka. Hivyo uvimbe wenye vidonda humpa mahali pa kushika na njia ya kupenya. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walionyesha mwaka 2018 kwamba bakteria huyu hutoa silaha inayoitwa galosini, yenye kuua bakteria jirani wa kundi la enterokoka, na kwamba silaha hiyo huwa kali zaidi chini ya chumvi za nyongo, ambazo huongezeka katika utumbo wenye uvimbe. Saratani, kwa lugha nyingine, humsafishia eneo. Upande wa pili, watafiti wa Texas walieleza mwaka 2017 jinsi baadhi ya aina za gallolyticus zinavyozichochea chembe za saratani ya utumbo kugawanyika upesi, katika maabara na katika panya. Mgeni aliyekaribishwa na uvimbe huenda naye anauongezea kasi.

Kundi la watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, lilipendekeza mwaka 2012 kuutazama mjadala huu kwa mfano wa dereva na abiria. Kuna bakteria madereva, wanaoharibu vinasaba vya chembe za utumbo na kuanzisha safari ya saratani. Na kuna abiria, ambao hupanda mazingira yakishabadilika kuwafaa. Gallolyticus katika mpango huo anaonekana zaidi kuwa abiria, ingawa si abiria anayekaa kimya.

Dereva aliyethibitishwa vizuri zaidi katika mwili wa binadamu hayumo kwenye utumbo mpana bali tumboni: Helicobacter pylori, aliyetambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimwandika miongoni mwa visababishi vya uhakika. Huyo haingii kwenye damu. Katika utumbo mpana, anayeshukiwa zaidi ni aina fulani ya E. coli inayotengeneza sumu ya kolibaktini. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi waliotesha vijitumbo vidogo vya binadamu kwenye maabara, wakawadunga bakteria hao ndani yake kwa miezi 5, kisha wakasoma vinasaba. Sumu ilikuwa imeacha alama za aina yake, na alama zizo hizo zilipatikana katika sehemu ya saratani za utumbo za wagonjwa halisi. Naye Fusobacterium nucleatum, mkazi wa utando wa meno, alikutwa kwa wingi ndani ya saratani za utumbo mpana na makundi mawili ya watafiti mwaka 2011. Mwaka 2017 ilibainika kwamba husafiri pamoja na chembe za saratani hadi kwenye ini.

Clostridium septicum hana mjadala mrefu namna hiyo, kwa sababu mambo yake huenda haraka mno. Louis Pasteur na Jules Joubert walimweleza mwaka 1877. Huishi kwenye udongo na katika matumbo ya wanyama, hujifunga ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili ukavu na joto, na hukua pasipo oksijeni. Ndugu yake Clostridium perfringens huleta donda ndugu lenye gesi baada ya jeraha lililochafuliwa kwa udongo, kama la vitani au la ajali barabarani. Septicum huleta ugonjwa huo huo kwa mtu asiye na jeraha lolote. Kinachokuwepo ni uvimbe, mara nyingi kwenye sikamu, mwanzo wa utumbo mpana upande wa kulia wa tumbo. Kiini cha uvimbe uliokua haraka hukosa damu ya kutosha, hivyo hakina oksijeni, na chembe zake huchachusha sukari na kuyafanya mazingira kuwa na asidi. Mbegu iliyomezwa na kupita tumboni ikifika hapo huamka. Bakteria huzaliana, hupenya ukuta uliooza, huingia kwenye damu na kutua mbali, pengine kwenye msuli wa paja au bega.

Maumivu huja kabla ya kitu chochote kuonekana, makali kupita kiasi kwa mguu ambao ngozi yake bado ni ya kawaida. Ndani ya saa chache ngozi hupauka, kisha hugeuka rangi ya shaba, kisha zambarau, na malengelenge yenye maji meusi hutokea. Daktari akibonyeza kwa vidole anasikia mlio wa viputo vya gesi chini ya ngozi. Sumu ya bakteria hupasua chembe za damu na kushusha shinikizo, na bila upasuaji wa kukata nyama iliyokufa pamoja na penisilini na klindamaisini, kifo huja kwa siku moja au mbili. Hata kwa matibabu, zaidi ya nusu ya wagonjwa katika ripoti nyingi hawakupona. Mapitio ya visa 59 yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba karibu wagonjwa 7 kati ya kila 10 walikuwa na saratani, nyingi zikiwa za utumbo mpana au za damu, na wengine hawakuwa wakijua. Kwa saratani za damu sababu ni nyingine: lukemia au dawa zake hupunguza chembe nyeupe hadi utumbo unakosa walinzi.

Tabia hii ya Clostridia kupenda nyama isiyo na oksijeni imewavutia hata watafiti wa tiba. Aina ya Clostridium novyi iliyoondolewa sumu yake kuu imewahi kudungwa ndani ya uvimbe wa mgonjwa kwa majaribio, na matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 2014. Ni njia inayoendelea kuchunguzwa, na hospitali za kawaida hazina dawa hiyo.

Kadiri rejista za hospitali zilivyohamia kwenye kompyuta, iliwezekana kuacha kuhesabu kisa kimoja kimoja. Hong Kong ilichunguza kumbukumbu za watu wazima zaidi ya 13,000 waliolazwa na bakteria kwenye damu kati ya 2006 na 2015, ambao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana saratani, ikawalinganisha na wasiokuwa na maambukizi hayo. Waliokuwa na Clostridium septicum waligunduliwa baadaye kuwa na saratani ya utumbo mpana mara 17 zaidi. Gemella morbillorum, bakteria wa kinywani ambaye madaktari wengi hawajawahi kumsikia, alifikia mara 15. Fusobacterium nucleatum alikaribia mara 7, Streptococcus gallolyticus mara 6 kasoro, Bacteroides fragilis mara 4 kasoro. Bakteria ambao hawakuwa wakishukiwa tangu mwanzo hawakuonyesha ongezeko. Mpangilio huo unaeleweka: karibu wote waliojitokeza ni wakazi wa utumbo au kinywa, na wengi wao hukua bila oksijeni. Denmark nayo, kwa kutumia rejista zake za taifa, ilikuta kwamba takriban mmoja kati ya kila wagonjwa 5 wa septicum alipatikana na saratani ya utumbo mpana ndani ya mwaka mmoja.

Namba za namna hii huleta hofu zikisomwa vibaya. Mara 6 ya hatari ndogo bado inaweza kuwa hatari ndogo, hasa kwa kijana. Bacteroides fragilis huingia kwenye damu pia kutokana na kidole tumbo kilichopasuka au jipu la tumboni, na hapo chanzo kinaonekana bila kutafuta saratani. Kinyume chake nacho ni kweli: wagonjwa wengi sana wa saratani ya utumbo mpana hawapati kamwe maambukizi ya damu, kwa hiyo damu iliyo safi haimthibitishii mtu yeyote kwamba utumbo wake ni salama.

Homa ya matumbo ina uhusiano wake wa pekee. Kati ya watu 100 waliougua Salmonella Typhi, 2 hadi 5 hubaki na bakteria kwenye mfuko wa nyongo kwa muda mrefu, wakijisikia wazima. Hujificha kama utando juu ya mawe ya nyongo, ambako dawa hazifiki vizuri. Miaka inavyopita, kuvimba kwa muda mrefu kwa kuta za mfuko huongeza hatari ya saratani ya mfuko wa nyongo, jambo lililofuatiliwa kwa karibu kaskazini mwa India na nchini Chile. Hapa bakteria anaelekea kutangulia saratani, na damu ilikuwa njia yake ya kufika kwenye nyongo.

Kwa wafugaji kuna swali jingine, la maziwa. Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, madaktari wameona maambukizi ya gallolyticus yakiwa mengi katika vijiji vya wafuga ng'ombe. Afrika Mashariki ina ng'ombe wengi na ngamia pia. Watafiti waliochunguza suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa yanayonywewa kaskazini mwa Kenya na Somalia, walikuta kwamba bakteria anayetawala humo mara nyingi ni Streptococcus infantarius, ndugu wa gallolyticus. Aina hiyo ya maziwani imepata vinasaba vinavyoisaidia kutumia sukari ya maziwa, kwa namna inayokaribia bakteria wa mtindi, na huenda imezoea kibuyu zaidi ya utumbo. Hakuna ushahidi kwamba suusac huleta saratani, na chakula kinachowalisha watu wa nchi kame hakistahili kutiliwa shaka kwa sababu ya jina la ukoo wa kijidudu.

Hospitalini, kinachofuata baada ya jina la gallolyticus kutoka maabara kimewekwa wazi katika miongozo ya madaktari wa moyo na wa maambukizi. Moyo hupigwa picha ya mawimbi ya sauti, kwanza kupitia kifuani na mara nyingi tena kwa kifaa kinachomezwa hadi kwenye umio, ambacho huona vali kwa ukaribu. Vali zikiwa zimeshambuliwa, penisilini au seftriaksoni hutolewa kwenye mshipa kwa wiki 4, hata 6 kwa mwenye vali ya bandia, na wengine huhitaji upasuaji. Mgonjwa akipata nafuu, hupelekwa kwa kolonoskopi hata kama hana damu kwenye choo na tumbo haliumi. Siku moja kabla hunywa vimiminika visivyo na rangi nzito, kisha lita kadhaa za dawa ya kusafisha utumbo, sehemu ambayo wagonjwa huilalamikia kuliko kipimo chenyewe. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa hadi sikamu, na kinyama kikionekana hukatwa papo hapo. Kuishia nusu ya njia hakutoshi, kwa kuwa upande wa kulia ndio unaojificha zaidi. Kipimo cha kutafuta damu kwenye kinyesi kina faida yake katika kuwachuja watu wenye afya, lakini kwa mgonjwa huyu jibu hasi halimwondoi kwenye orodha. Aliyekutwa na infantarius au pasteurianus hupigwa pia picha za ini, nyongo na kongosho.

Kolonoskopi isipoonyesha kitu, hadithi haijaisha. Kuna wagonjwa ambao uvimbe ulionekana miaka kadhaa baada ya homa, na kwa hiyo wataalamu wengi hupendelea kurudia uchunguzi badala ya kufunga faili. Katika Afrika Mashariki vifaa hivyo na wanaovitumia hupatikana zaidi katika miji mikubwa, na mgonjwa wa mkoani aliyepona homa ana kila sababu ya kutorudi: nauli, gharama ya kipimo, na mwili unaojisikia vizuri. Barua ya ruhusa yenye jina la bakteria lililoandikwa kwa ukamilifu, pamoja na sentensi inayosema kwamba utumbo mpana bado haujachunguzwa, humpa daktari atakayempokea mwakani mahali pa kuanzia.